Mkataba ukikwama, gharama ni za nani?

FUNDI amepokea malipo ya awali, amenunua vifaa na kuanza kazi. Ghafla vita vinazuka, au serikali inapiga marufuku kazi yenyewe. Hakuna aliyekosa. Je, fedha zilizokwisha kutumika ni hasara ya nani?

Uingereza, ambayo misingi yake ya mikataba hufuatwa Kenya kwa mujibu wa Sura ya 23, ilipata jibu kwa taabu. Tangu kesi ya Chandler na Webster mnamo 1904, aliyelipa alikuwa amelipa, basi.

Kisha ikaja kesi ya Fibrosa. Kampuni hiyo ya Poland iliagiza mashine za kuchania kitani kutoka Leeds mnamo Julai 1939, kwa pauni 4,800. Thuluthi moja, yaani pauni 1,600, ilipaswa kutangulia, lakini zililipwa 1,000 pekee. Septemba, Wajerumani wakaiteka bandari ya Gdynia, ambako mashine zilikuwa zipelekwe.

Mnamo 1942 majaji wa ngazi ya juu kabisa waliamuru pauni 1,000 zirejeshwe, kwa kuwa mnunuzi hakupata chochote. Mtengenezaji, aliyekwisha kufanya kazi nyingi, akabaki mikono mitupu.

Bunge la Uingereza lilirekebisha dosari hiyo mnamo 1943. Aliyelipa hurudishiwa fedha zake, lakini mahakama inaweza kumwachia mpokeaji kiasi cha kufidia gharama alizotumia kabla ya mkataba kukwama. Kikomo ni malipo yaliyotolewa, au yaliyostahili kutolewa, kabla ya tukio. Kwa kipimo hicho, mtengenezaji wa Leeds asingevuka pauni 1,600, hata kama alitumia 3,000. Asiyeagana malipo ya awali hapati kitu kwa njia hii, ila akithibitisha kwamba mwenzake alikwisha kupata manufaa yenye thamani.

Tena mahakama “inaweza”, hailazimiki. Mnamo Julai 1992, tamasha la Guns N' Roses jijini Madrid lilifutwa baada ya uwanja kuonekana si salama. Mwandalizi, kampuni ya Gamerco, alikuwa amelipa dola 412,500. Mnamo 1995 mahakama iliamuru arudishiwe zote bila kukatwa senti, kwani naye alikuwa amepata hasara kubwa.

Si kila sheria ya Bunge la Uingereza hutumika nchini. Sura ya 23 hutambua zile tu ilizoziorodhesha, hivyo mwenye dai amwone wakili mapema. Kwa kazi ambayo bado haijaanza, njia ni nyepesi zaidi: mkataba wenyewe utaje kiasi cha malipo ya awali, siku ya kuyalipa, na atakayebeba gharama kazi ikikatizwa.