Fahamu: Kwa nini macho ya mtoto njiti yakaguliwe mapema

Mtoto njiti akiruhusiwa kutoka wodini Bukoba, au Rubya na Ndolage kule Muleba, ndugu huuliza kilo. Macho hayaulizwi; kwa nje yanaonekana mazima.

Tatizo liko nyuma ya jicho. Mishipa ya damu ya retina, utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, huanza kuota karibu wiki ya 16 ya ujauzito, na hukamilika mimba ikikaribia wiki 40. Mtoto akizaliwa wiki ya 28, kazi hiyo haijaisha. Oksijeni anayopewa wodini ikizidi huidumaza mishipa. Baadaye huchipua ovyo na kuweza kuivuta retina hadi ibanduke. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa njiti Marekani mwaka 1950, alipofuka hivyo. Oksijeni si adui, bila hiyo wengi wangekufa. Inatakiwa ipimwe.

Dawa ya matone ya dukani haisaidii kitu hapa. Daktari wa macho humkagua mtoto wiki ya nne hadi ya sita baada ya kuzaliwa. Akikuta hatari, hutibu kwa leza au sindano, na kuchelewa siku chache kunaweza kumgharimu mtoto macho. Hospitali ya rufaa ya kanda ya Bugando iko Mwanza, ng'ambo ya ziwa, kwa hiyo ulizia rufaa kabla hujatoka wodini. Hata aliyesalimika apimwe tena kabla ya kuanza shule: makengeza na kutoona mbali huwapata njiti zaidi.