Baruti kwa Nafaka

Ni ada ya wasimulizi wa vita kumsifu jemadari na kumsahau mtunza ghala. Vita vya kupigania uhuru wa Marekani, vilivyoanza mwaka 1775, navyo vimesimuliwa hivyo. Leo twapenda kumtazama mtunza ghala, pamoja na watu wa visiwani waliomjazia ghala lake.

Mwezi wa Agosti 1775, Jenerali George Washington alikuwa ameuzingira mji wa Boston, ambamo majeshi ya Mwingereza yalikuwa yamejifungia. Hesabu aliyokabidhiwa ilionyesha mapipa 308 ya baruti. Ghala lilipokaguliwa, yalikutwa mapipa 36, baruti isiyotosha hata risasi 10 kwa kila askari. Hapakuwa na mwizi. Waliotayarisha hesabu walikuwa wameandika baruti yote iliyopata kukusanywa, wasiitoe ile iliyokwisha kutumika. Yasimuliwa kwamba Jenerali alikaa nusu saa asitamke neno. Laiti kila mwenye dhamana ya ghala la umma angeifahamu nusu saa ile!

Makoloni yale yalikuwa na viwanda vichache mno vya baruti. Katika miaka miwili na nusu ya mwanzo, zaidi ya sehemu 9 katika 10 za baruti yao zilitoka ng'ambo, ama zilitengenezwa kwa shura iliyotoka ng'ambo. Nyingi ilipitia visiwani, hasa Sint Eustatius, kisiwa kidogo cha Waholanzi.

Kisa cha Bermuda ndicho kitugusacho zaidi. Bermuda ilikuwa chini ya Mwingereza, lakini chakula chake kilitoka bara, kwenye makoloni yaliyoasi. Kongresi ya waasi ilikuwa imekata shauri kufunga biashara kuanzia Septemba. Mzee mmoja wa Bermuda, Henry Tucker, alivuka bahari hadi Philadelphia kuwaombea watu wake. Alifahamishwa kwamba chombo kitakachopeleka baruti kitaruhusiwa kurudi na chakula.

Usiku wa tarehe 14 Agosti watu walipanda juu ya ghala la baruti la mji wa St. George's, wakatoboa paa, wakashuka ndani na kuufungua mlango. Mapipa yapatayo 100 yaliviringishwa hadi mashuani na kupakiwa merikebuni. Gavana George James Bruere alikuwa amelala karibu. Alitangaza zawadi kwa atakayewataja wahalifu. Kisiwa kizima hakikujua lolote. (Binti yake mwenyewe alikuwa ameolewa na mwana wa Tucker.)

Wako wanaowaita watu wale wasaliti. Sisi hatuthubutu. Mfalme alikuwa na ghala la baruti kisiwani. Wananchi hawakuwa na mashamba ya kuwatosha.

Tarehe 6 Septemba, Washington, asiye na habari ya yaliyotendeka, aliwaandikia watu wa Bermuda kuwaomba baruti hiyo hiyo. Chombo kilichotumwa kuifuata kilikuta ghala tupu. Mwezi wa Novemba Kongresi iliruhusu mahindi, unga, nyama na mchele vipelekwe Bermuda.