Kwa Nini Gari Hutetemeka Lifungapo Breki

Barabara itokayo Singida kwenda Nzega huteremka mlima Sekenke, wilayani Iramba, hadi mbuga ya Wembere. Lori la tani 10 linaposhuka kimo cha mita 100 bila kuongeza mwendo, hutoa nishati ipatayo jouli milioni 10, kiasi cha kuchemsha lita 29 za maji yenye nyuzi 20. Dereva atumiaye gia nzito huiachia injini sehemu kubwa ya kazi hiyo. Ategemeaye breki tupu huzitia moto.

Pedi zilizopata moto mno huacha utando juu ya diski, tena kwa viraka. Unene wa diski usipokuwa sawa, pedi husukumwa na kurudi kila gurudumu lizungukapo, na msukumo huo hufika kwenye pedali na usukani. Tofauti ya sehemu chache za mia za milimita yatosha!

Gari likitetemeka hata breki zisipokanyagwa, fundi achunguze kwanza magurudumu na mipira. Usukani ukitikisika wakati wa kufunga breki, kwa kawaida kasoro ni ya mbele. Kiti kikitikisika, ya nyuma. Kabla ya kuilaumu diski, asafishe kutu kwenye kitovu cha gurudumu na kukaza nati kwa kupishana, kwani diski iliyokaa upande huharibika ingawa ni mpya. Diski hukerezwa iwapo tu unene utakaobaki haupungui kipimo kilichochapwa juu yake. Vinginevyo hubadilishwa, zote mbili za ekseli moja.