Printa Iliyohama Stima Ilipopotea

Chukua saiba ya kawaida mjini Voi: kompyuta tano, printa moja, ruta ukutani, na watu benchini wakingoja cheti cha KRA au fomu ya eCitizen. Stima inapotea, inarudi, vyombo vyote vinawaka. Mteja ameshalipa, mhudumu anabofya, printa kimya. Haijaharibika. Asubuhi ilikuwa 192.168.1.20, sasa ruta imeipa 192.168.1.37, na kompyuta zote bado zinapeleka kazi kwa 20, namba ambayo huenda imeshachukuliwa na simu ya mtu iliyowahi kuunganishwa. Ruta nyingi za bei nafuu huweka orodha ya nani kapewa namba gani kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika.

Kila kadi ya mtandao hutoka kiwandani na anwani yake ya maunzi, biti 48 zinazoandikwa kwa jozi sita. Jozi tatu za kwanza hugawiwa viwanda na IEEE, chama cha wahandisi chenye makao Marekani. Ukiona 00:80:77, hiyo ni Brother wa Japani. Anwani ya IP haitoki kiwandani. Hutolewa na mtandao ambao kifaa kimejiunga nao. Matatu nazo ni vivyo hivyo: nambari ya chesisi ni ileile, lakini leo gari liko njia ya Taveta, kesho ya Wundanyi.

Sasa, ndani ya saiba pakiti hubebwa kwa anwani ya maunzi, si kwa IP. Kompyuta inayotaka kuchapisha hulazimika kuuliza kwanza, tena mbele ya wote: "Nani mwenye 192.168.1.20? Mjulishe 192.168.1.5." Swali huelekezwa kwa ff:ff:ff:ff:ff:ff, anwani inayosikilizwa na kila kifaa. Mwenye namba hujibu, wengine hunyamaza, na jibu huingizwa kwenye jedwali dogo. Kwenye Linux andika ip neigh utaliona. Jibu huhesabiwa kuwa bichi kwa sekunde 15 hadi 45 hivi, kisha huhitaji kuthibitishwa upya.

Utaratibu huo, ARP, uliandikwa na David Plummer Novemba 1982, na una tabia moja ambayo kwangu ni ya kushangaza: humwamini yeyote anayejibu. Haudai sahihi wala nywila. Mtu aliyekaa kona na laptopu yake akisema "mimi ndiye ruta", kompyuta zitakubali na mazungumzo yote yatapitia kwake. Walau uongo huo hauendi mbali, kwa sababu anwani ya maunzi haivuki ruta. Pakiti ikishuka Mombasa, zilikotia nanga nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS mwaka 2009, kila ruta njiani huivua anwani za maunzi za hatua iliyopita na kuivika nyingine.

Swali la kinyume lilizuka miaka hiyohiyo. Diski zilikuwa ghali, na kampuni ya Sun ikauza kompyuta za Unix zisizo na diski kabisa. Mashine ya aina hiyo ikiwashwa haijui jina lake wala IP yake. Inachokijua ni anwani iliyo kwenye kadi. Mwaka 1984 watafiti wa Stanford walichapisha RARP, njia ya mashine kuuliza: anwani yangu ya maunzi ni hii, je, mimi ni nani? Seva ilijibu kwa kusoma faili mbili za maandishi matupu. /etc/ethers ilisema anwani hiyo ya maunzi ina jina gani, na /etc/hosts ikasema jina hilo lina IP gani. Aliyezijaza kwa mkono ndiye aliyeamua nani ni nani. DHCP, utaratibu wa seva kugawa IP bila mkono wa mtu, ulipokuja mwaka 1993, kazi hiyo ikaachiwa mashine.

Lakini faili hazikufa. Programu ya dnsmasq, iliyobuniwa na Simon Kelley na inayogawa anwani kwenye ruta nyingi ndogo, bado huisoma /etc/ethers ukiweka neno read-ethers ndani ya /etc/dnsmasq.conf. Kwa printa yetu mstari mmoja unatosha:

00:80:77:3a:5c:11 192.168.1.20

Stima ipotee mara ngapi, printa itapewa 20. Na amri ya arp -f huisoma faili hiyohiyo na kuyakazia majibu, hivyo yule wa kona akijitangaza kuwa kifaa kilichoandikwa humo, hasikilizwi. Ruta za kisasa zina ukurasa wa kubofya kwa kazi hii, ila mimi napendelea faili: inanakilika kwenye flashi, na mstari unaoanza na # unaweza kumweleza mfanyakazi wa kesho kila kifaa kiko wapi.

Kinachoisumbua faili hii ni simu. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya 2020, simu hujitungia anwani ya maunzi kwa kila Wi-Fi, ili mwenye simu asifuatiliwe kutoka hotelini hadi stesheni ya SGR. Utazijua kwa alama ya pili ya anwani: ikiwa ni 2, 6, a au e, anwani hiyo haikutoka kiwandani. Hakuna haja ya kuzifukuzia kwenye faili. Andika printa, kompyuta na kamera, kisha simu za wateja uzitengee fungu lao, tuseme 192.168.1.100 hadi 200, zije na anwani yoyote zitakayojitungia.