Mwizi wa Akaunti Anaanza na Laini Yako

Wizi wa fedha mtandaoni ukitajwa, wengi wetu humwaza mtaalamu wa kompyuta anayevunja mifumo ya benki usiku kucha. Wizi wa namna hiyo upo, lakini ni mgumu na wa gharama. Kwa Mtanzania anayetumia programu ya benki kwenye simu janja, au anayebonyeza menyu ya benki kwenye kitochi, hatari ya karibu zaidi ni nyingine: mwizi haishambulii benki, bali anajifanya wewe. Na kinachoiaminisha benki kwamba ni wewe, mara nyingi, ni laini yako ya simu.

Ukisahau neno la siri, mfumo hukutumia namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi. Ukiweka programu ya benki kwenye simu mpya, hali ni hiyohiyo. Kwa hiyo anayepokea jumbe zinazokuja kwenye namba yako anaweza kubadili maneno yako ya siri bila kuyajua yale ya zamani. Agosti 2019, akaunti ya Twitter ya Jack Dorsey, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa akiiongoza kampuni hiyo, ilitekwa baada ya wahalifu kufanikiwa kuihamisha namba yake ya simu. Ujuzi wake wote wa teknolojia haukumsaidia, kwa kuwa mlango ulifunguliwa upande wa mtandao wa simu.

Mwizi huipata laini kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni kuiba simu, kuichomoa laini na kuipachika kwenye simu nyingine. Ya pili ni kujitambulisha kama mwenye namba aliyepoteza laini ili apewe mpya. Akifaulu, yako inazimika na ya kwake inawaka. Usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza Mei 2019, uliweka kizingiti katika njia hii ya pili. Hata hivyo, kizingiti hicho kinategemea uaminifu wa aliyeshika mashine. Ukisajili laini kwa wakala wa mtaani na kuambiwa “kidole hakijasoma, weka tena”, dai maelezo kabla ya kuweka, kwa sababu alama ya pili inaweza kusajili laini nyingine kwa jina lako. Bonyeza *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoitambua ifuatilie kwenye duka la mtandao husika ifutwe.

Kabla ya kujaribu kuichukua laini yako, mwizi hukusanya habari zako kidogo kidogo. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Anayeipata namba hiyo amepata na tarehe yako ya kuzaliwa. Sasa fikiria ni steshenari ngapi zina picha ya kitambulisho chako, uliyoituma kwa WhatsApp ili ichapwe na haikufutwa kwenye kompyuta ya dukani. Simama hapohapo mpaka faili lifutwe, na kwenye kopi unayomkabidhi mtu andika kwa kalamu kusudi la kopi hiyo na tarehe, ili isitumike kwingine.

Habari hizo ndizo zinazompa tapeli sauti ya kuaminika. Ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii” tumeuzoea, na wengi wanaufuta bila kuumaliza. Anayepiga simu na kukutaja kwa majina yako matatu ndiye anayetuyumbisha. Lakini majina hayo si siri: mtu yeyote akianza kukutumia fedha kwa simu, jina ulilosajiliwa nalo humtokea kabla hajathibitisha muamala. Kwa hiyo kulijua jina lako si uthibitisho wa lolote. Mpigaji akiomba namba ya uthibitisho iliyoingia sasa hivi, kata simu. Namba hiyo imetumwa kwako wewe uiingize mwenyewe; hakuna mfanyakazi halali wa benki wala wa mtandao wa simu anayeihitaji. Ukitaka uhakika, piga wewe, kwa namba iliyo nyuma ya kadi yako ya benki.

Ulinzi mwingine uko kwenye mipangilio ya simu yako. Weka namba ya siri kwenye laini yenyewe, si kwenye simu tu, ili mwizi akiipachika kwingine isifanye kazi. Fanya hivyo kwa utulivu, maana ukikosea mara tatu laini hufungwa mpaka upate namba ya kuifungulia kutoka kwa mtandao wako. Zuia jumbe zisisomeke kioo kikiwa kimefungwa. Namba ya siri ya benki isiwe mwaka wa kuzaliwa wala 1234, na isifanane na ile ya fedha za simu. Programu ya benki ipakue kwenye duka rasmi la programu pekee, kamwe si kupitia faili lililotumwa kwenye kundi la WhatsApp. Barua pepe iliyounganishwa na akaunti yako ipe neno la siri la peke yake, kwani anayeimiliki hiyo naye anaweza kujirudishia mengine yote.

Simu ikipoteza mtandao ghafla, huku jirani anayetumia mtandao huohuo anaupata, usisubiri mpaka kesho. Azima simu, wapigie watoa huduma wako waifunge laini, kisha benki wasimamishe miamala. Baada ya hapo nenda polisi uchukue RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako, na utunze jumbe zote za miamala kama ushahidi. Kujifanya mtu mwingine mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Jumbe za kitapeli, hata kama hazijakudhuru, zitume kwenda 15040 ili namba zinazotumika zifungiwe.

Mzigo huu hauwezi kuwa wa mteja peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaitaka taasisi inayokusanya habari zako ikueleze inazikusanya kwa kazi gani, na izilinde. Ikikiuka, unaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Benki nazo zinapaswa kusita kuruhusu muamala mkubwa kwenye namba ambayo laini yake imebadilishwa saa chache zilizopita, na mtandao wa simu uwajibike kwa wakala anayetoa laini ya mtu kwa mtu mwingine. Hayo tuyadai kwa sauti, maana fedha zinazoibwa ni ada za watoto, mtaji wa mama wa sokoni na kiinua mgongo cha mstaafu, na aliyeporwa hana kosa zaidi ya kuiamini simu yake kama kila mmoja wetu.