Ndama Jike Pacha na Neno "Tasa"

Huko Kirando, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mwenye kupasua mgebuka jike wakati wa mayai hana haja ya kuelezwa ovari ni kitu gani: ni ile mifuko miwili iliyojaa mayai ndani ya tumbo la samaki. Lakini apandaye kutoka pwani ile kwenda Namanyere na Sumbawanga, juu katika uwanda wa Ufipa, huingia nchi ya wafugaji, na kwa ng'ombe kiungo hicho hakionekani ila na mchinjaji, nacho si kikubwa kuliko lozi. Tofauti iliyo kubwa zaidi haionekani kwa macho. Samaki wengi hufanyiza mayai mapya mwaka hata mwaka. Ng'ombe jike, na mwanamke vilevile, huwekewa akiba yake kabla hajazaliwa. Mtoto wa kike aliye tumboni kwa miezi mitano ana mbegu za mayai zipatazo milioni 6 au 7. Siku ya kuzaliwa zimesalia milioni 1 au 2, na kwa kadiri ijulikanavyo haziongezeki tena. Kwa hiyo dhara liipatalo ovari tumboni mwa mama laweza kukaa kimya miaka mingi, lisijulikane mpaka wakati wa kuzaa ufike.

Mfano ulio wazi kuliko yote umo zizini. Ng'ombe akizaa pacha, dume na jike, yule jike hukua vema, hunenepa, na kwa umbo la nje ni mtamba kama mitamba mingine. Walakini hamtaki fahali wala hashiki mimba. Katika kila 100 wa namna hiyo, zaidi ya 90 hawazai kamwe. John Hunter aliwaeleza wataalamu wa Royal Society ya London habari za ng'ombe huyu mwaka 1779, lakini sababu haikufahamika mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, walipoichungua Tandler na Keller huko Vienna mwaka 1911, na baada yao Frank Lillie wa Chicago.

Sababu yenyewe ni hii. Kondo za ndama hao wawili hukutana mapema, na mishipa yake ya damu huungana, hata damu ya mmoja ikapita kwa mwenziwe. Kende za dume huanza kazi kabla ovari za jike hazijatengenea. Zatoa homoni, yaani ujumbe uchukuliwao na damu kutoka kiungo hiki hata kile. Mmoja ni testosteroni. Mwingine ni ule ambao Mfaransa Alfred Jost, kwa majaribio yake juu ya sungura tangu mwaka 1947, alionyesha kuwa upo, na kazi yake ni kuzuia mji wa mimba usiote katika mwili wa kiume. Kwa dume ujumbe huo ni halali yake. Jike hakuandikiwa, lakini humfikia. Basi ovari zake hudumaa, mbegu za mayai hupotea, pengine kiungo chote hugeuka kikafanana na kende, na mji wa mimba hubaki mwembamba usiofaa kitu. Lau homoni hizo zingemwingia mtamba aliyekwisha kukua, huenda zingemvuruga kwa muda, wala zisingemwondolea ovari.

Hasara kwa mfugaji ni ya kweli: humlisha na kumngoja miaka, kisha hapati ndama wala maziwa. Na haikuwa lazima angoje, maana daktari wa mifugo aweza kumtambua angali mchanga kwa kupima njia yake ya uzazi, ambayo huwa fupi, au kwa kuchungua damu yake, ambamo chembe za ndugu yake dume hukaa maisha yote.

Neno "tasa" halisemi hata moja katika hayo. Husemwa kwa mtu na kwa mnyama, nalo lataja mwisho wa jambo tu, bila sababu wala wakati wake. Na penye pengo hilo ndipo yaingiapo maneno ya "kufungwa kizazi", na mwanamke akalaumiwa kwa mambo asiyoyatenda. Hapa pana sharti la tahadhari. Hukumu ya zizini haifai kupelekwa nyumbani. Kwa mapacha wa binadamu, mvulana na msichana, mishipa ya kondo haiungani ila kwa nadra sana, na msichana aliyezaliwa pamoja na kaka yake huzaa kama wengine.

Kwa wanawake swali ni jingine, tena gumu. Kondoo waliodungwa testosteroni wakati wa mimba walizaa majike ambayo ovari zao zilijaa vifuko vingi na mizunguko yao ya uzazi ikaharibika kidogo kidogo. Hali hiyo yafanana na ugonjwa wa wanawake ulioelezwa na Stein na Leventhal huko Chicago mwaka 1935. Kama ugonjwa huo nao huanzia tumboni, wataalamu hawajakata shauri.

Wala kila homoni ya kiume haileti utasa. Fisi madoa huitwa huntha na watu wengi, kwa kuwa jike ana viungo vya nje kama vya dume. L. Harrison Matthews, aliyewachungua Tanganyika, alichapisha habari za uzazi wao mwaka 1939. Na uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba ovari za mama hutoa homoni ambayo kondo huigeuza kuwa testosteroni, ikamfikia mtoto, ingawa homoni hiyo peke yake haitoshi kueleza umbo lile. Ovari za jike huyo, akishakua, hufanya kazi yake, naye huzaa. Shida yake i katika njia ya kupita mtoto, iliyo ndefu na nyembamba. Katika uzazi wa kwanza watoto wengi hufa kabla ya kutoka.