Reli ya Mezani Huanza na Kona

Msomaji wa Morogoro ameandika kuuliza: ana chumba kilicho wazi na karatasi moja ya plaiwudi ya futi 4 kwa 8, naye anataka kujenga reli ya mfano ya Reli ya Kati. Aanze na nini?

Aanze na kona. Milima, vituo na miti vitasubiri, na hata kichwa cha treni kisinunuliwe kwanza. Mmarekani John Armstrong, aliyetoa kitabu maarufu cha upangaji wa reli ndogo mwaka 1963, alimtaka mjenzi aorodheshe yale asiyoweza kuyabadili na yale anayoyatamani, kisha aamue nusukipenyo cha kona iliyo kali kuliko zote. Kipimo hicho ndicho kinachoamua urefu wa mabehewa, upana wa meza, hata mahali pa mtu kusimama.

Hesabu yake ni fupi. Katika uwiano wa 1:87, yaani mfano mdogo mara 87 kuliko treni halisi, behewa la abiria la Ulaya lenye mita 26.4 linakuwa la sentimita 30. Wajenzi wazoefu hutaka nusukipenyo kifike angalau mara mbili na nusu ya urefu huo ili treni ipite bila taabu, na zaidi ya mara tatu ili ipendeze machoni. Plaiwudi ina upana wa sentimita 122, na ukiacha nafasi ya ukingo, nusukipenyo kinabaki sentimita 55. Behewa refu kama hilo halina nafasi hapo. Bora msomaji achague mabehewa mafupi ya mizigo. Upana wa Reli ya Kati ya zamani, mita 1, unakuwa milimita 11.5, na reli ndogo za milimita 12 zinauzwa.

Sasa tufike penye utamu. Abiria aliyesimama kwenye daladala anaijua fizikia hii kwa miguu yake. Dereva akikata kona ghafla, kapu linamwagika, konda anang'ang'ania bomba, na mama mmoja anajikuta mapajani mwa mtu asiyemjua. Dereva mwingine, kona ileile na mwendo uleule, anaanza kuzungusha usukani mapema, kidogo kidogo, na kila mtu anapata muda wa kuegemea. Kona haikupungua ukali. Ila haikuja yote kwa mpigo.

Reli iliyonyooka ikiungwa moja kwa moja na duara, ndiyo yule dereva wa kwanza. Behewa la mbele limeshaanza kugeuka, la nyuma bado limenyooka. Ncha zao zinapishana, kiungio kinavuta pembeni, na ukingo wa gurudumu, wenye kina cha takriban milimita 1, unapanda juu ya reli. Treni imeanguka.

Dawa ni kipande cha katikati ambacho mkunjo wake unaanzia sifuri na kuongezeka kwa kiasi kilekile kila sentimita mpaka ulingane na wa duara. Hapa tutakiita kona ya mpito. "Kona laini" isingetosha, maana ulaini ni matokeo, na kazi ya kipande hiki ni kuvusha.

Nani atauchora mkunjo huo? Ufito mwembamba wa mbao. Ubane upande mmoja kwenye mstari ulionyooka, upande wa pili kwenye duara, na uache sentimita 40 huru katikati. Pale ambapo hakuna kinachousukuma kutoka pembeni, nguvu inayoupinda hubadilika hatua kwa hatua kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na mkunjo huifuata. Ufito umefanya hesabu wenyewe! Leonhard Euler aliuelezea mkunjo wa namna hii mwaka 1744, kabla ya reli za mvuke, akichunguza jinsi vipande vyembamba vinavyopinda.

Gharama yake ni ndogo ajabu. Duara linasogezwa ndani kwa urefu wa mpito kipeo cha pili, ukigawanya kwa mara 24 ya nusukipenyo: kwa msomaji wetu, milimita 12. Hata mwenye reli iliyokwisha kujengwa anaweza kuipata nafasi hiyo bila kubomoa meza.

Yaliyobaki ni machache. Mwinuko usizidi asilimia 3. Plaiwudi isisukumwe ukutani, kwa sababu mkono hufika vizuri kama sentimita 75 tu, na treni ikianguka upande wa mbali lazima mtu aifikie.